Kusimba, Kusimbua na Kuthibitisha: Msamiati wa Kufuatilia Hitilafu za Muunganisho Uliosimbwa katika Kiini cha Mfumo Endeshi

Muunganisho uliosimbwa ni njia ya mawasiliano baina ya kompyuta mbili ambamo kila kinachopita hugeuzwa kisisomeke na yeyote asiye na ufunguo. Kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ile inayogawa kumbukumbu, kuendesha vifaa na kupokea kila pakiti inayoingia kutoka mtandaoni. Usimbaji unapofanyika ndani ya kiini chenyewe, hitilafu huwa ngumu kuonekana. Mtumiaji huona tu kwamba mtandao unasumbua, na ujumbe wa kompyuta, kama upo, huwa wa maneno mawili matatu. Tafsiri ya maneno hayo machache ndiyo huamua fundi ataanza kutafuta wapi.

Makala haya yanaeleza istilahi kuu za uwanja huo kwa kufuata kazi halisi ya kufuatilia hitilafu. Mifano imewekwa katika mwambao wa Bagamoyo, kaskazini ya Dar es Salaam, ambako maneno ya bahari na ya mawasiliano yamekutana kwa muda mrefu.

Kusimba si lazima kuficha

Kitenzi kusimba na nomino msimbo huenda pamoja. Kusimba ni kubadili ujumbe kutoka mfumo mmoja wa alama kwenda mwingine, na kitenzi chenyewe hakina siri ndani yake. Mwaka 1890 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kuunganisha Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam. Unguja ilikuwa imekwisha kufikiwa na waya wa kutoka Aden tangu mwaka 1879, hivyo Bagamoyo nayo ikaunganishwa na ulimwengu. Neno simu, lenye asili ya Kiajemi na maana ya waya, wakati huo lilitaja habari iliyopelekwa kwa nukta na vistari, si chombo cha kusemea. Karani aliyegeuza herufi kuwa nukta na vistari alisimba, lakini hakuficha kitu, kwa sababu kila karani alilijua jedwali lile lile.

Ndiyo maana istilahi kamili ya kugeuza ujumbe kwa ajili ya siri ni usimbaji fiche. Mafundi hufupisha na kusema kusimba tu, na makala haya yanafuata desturi hiyo kuanzia hapa. Hata hivyo, mfasiri wa hati rasmi anashauriwa aandike istilahi kamili mara ya kwanza, hasa pale ambapo hati hiyo hiyo inataja pia usimbaji wa kawaida wa herufi, picha au sauti.

Wazo la ujumbe wa siri si geni katika Kiswahili. Methali inasema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kufumba hutegemea akili ya msikilizaji, si ufunguo. Karibu zaidi na usimbaji ni kinyume, mchezo wa lugha ambamo silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mwanzo, hata nyumba ikawa mbanyu. Edward Steere aliueleza katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha karne ya 19. Udhaifu wa kinyume ni kwamba siri yake yote iko katika kanuni, na anayeijua kanuni husikia kila kitu. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo mzuri wa siri ni ule usiodhurika hata kanuni yake ikiangukia mikononi mwa adui, ilimradi ufunguo ubaki salama. Mifumo ya leo hufuata msingi huo: kanuni zake zimechapishwa wazi, na ufunguo peke yake ndio unaofichwa. Kwa hiyo kanuni ya usimbaji na ufunguo wa usimbaji ni vitu viwili, na havifai kutafsiriwa kwa neno moja.

Kauli ya kutendua na mipaka yake

Mwalimu wa sarufi atatambua mara moja jozi hizi: funga na fungua, fumba na fumbua, ziba na zibua, simba na simbua. Kiambishi cha kutendua kinasema kwamba kilichofanywa kinaweza kurudishwa kilivyokuwa, na hiyo ndiyo sifa ya usimbaji. Umma wa Tanzania ulizoea wazo hili tangu matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012, na king'amuzi kikawa kifaa cha kila sebule. Kitenzi kung'amua kinataja kutambua kilichofichika, na kusimbua kinataja kurudisha alama mahali pake.

Kuna kitendo kingine cha kompyuta ambacho hakirudi nyuma: kuufupisha ujumbe wowote kuwa alama fupi ya utambulisho. Mwalimu anaweza kukieleza kwa mfano wa kusaga. Aliyesaga mahindi hawezi kuurudisha unga kuwa punje, lakini akipewa punje zile zile na jiwe lile lile atapata unga ule ule. Hivyo sentensi inayosema kwamba nywila zimesimbwa, wakati kwa hakika zimefupishwa kwa njia isiyorudi, inampotosha msomaji. Inamwambia kwamba mahali fulani kuna ufunguo wa kuzirudisha, na ufunguo huo haupo.

Kuthibitisha: neno linalosahaulika

Kosa la tafsiri lenye gharama kubwa katika uwanja huu linahusu kitenzi cha tatu. Mifumo ya kisasa haisimbi tu, bali pia hubandika juu ya kila pakiti muhuri wa uthibitisho, yaani alama iliyokokotolewa kwa ufunguo na kwa maudhui yenyewe. Mpokeaji huukokotoa muhuri upya na kuulinganisha na ule uliokuja. Katika mfumo wa WireGuard kazi hizo mbili zina majina mawili: ChaCha20 husimba, na Poly1305 hutengeneza muhuri.

Mfasiri apaswa kujua kwamba ufunguo usio sahihi haugomi. ChaCha20 ikipewa ufunguo wa uongo hufanya kazi yake bila malalamiko na kutoa takataka. Kinacholalamika ni muhuri. Kwa hiyo kiini kinapotangaza kwamba pakiti imekataliwa katika hatua hii, maana yake halisi ni kwamba uthibitisho umeshindikana, na sababu zaweza kuwa tatu: ufunguo si ule, pakiti imebadilishwa njiani, au namba ya mfuatano iliyotumika katika ukokotoaji hailingani. Anayetafsiri tangazo hilo kwa maneno "nywila si sahihi" amefunga milango miwili kati ya mitatu kabla fundi hajafika. Fundi atabadilisha funguo siku nzima, na hitilafu itabaki pale pale.

Kiini na eneo la programu

Kiini katika lugha ya kawaida ni sehemu ya ndani ya yai, ya mbegu au ya jambo. Istilahi ya kompyuta imelichukua neno hilo pamoja na picha yake: kuna ganda, na kuna kilichomo ndani. Programu za kawaida, kama vile kivinjari au kihariri cha maandishi, huishi nje ya kiini, katika eneo la programu, na kila zinapotaka kutuma kitu mtandaoni hukiomba kiini kiwafanyie kazi hiyo watumiaji wake. Tafsiri "mfumo" kwa kiini haitoshi, kwa kuwa mfumo endeshi una sehemu nyingi nje ya kiini.

Swali la kwanza la fundi ni hili: nani anapeana mikono, na nani anasimba? Kupeana mikono ni hatua ya mwanzo ambapo kompyuta mbili hutambuana na kukubaliana funguo za muda. Kusimba ndiko hufuata. Kazi hizo zaweza kuwa mahali pamoja au mahali pawili, kama mifano mitatu ya Linux inavyoonyesha.

TLS, itifaki inayolinda kurasa za tovuti, kwa kawaida hufanya kazi zote mbili katika eneo la programu. Hata hivyo, tangu toleo la 4.13 la mwaka 2017 kiini cha Linux chaweza kukabidhiwa usimbaji wa data za TLS, huku kupeana mikono kukibaki kwa programu. IPsec, ambayo imo katika kiini tangu mfululizo wa 2.6 uliotoka Desemba 2003, imegawanyika vivyo hivyo: programu ya nje hukubaliana funguo, kisha huzikabidhi kwa kiini kisimbe. WireGuard, kazi ya Jason A. Donenfeld iliyoingizwa katika toleo la 5.6 mwezi Machi 2020, huweka yote mawili ndani ya kiini.

Mgawanyo huu huamua mahali pa kusoma. Kupeana mikono kwa IPsec kukishindikana, habari zake zimo katika batli ya programu. Pakiti zikitupwa baada ya funguo kukubaliwa, habari zimo katika vihesabio vya kiini. Batli, ambalo kwa asili ni daftari la nahodha la kuandikia mambo ya safari, ni neno linalofaa kwa faili ambamo programu huandika matukio yake kwa mpangilio wa saa. Neno kumbukumbu hutumika pia kwa maana hiyo, lakini lina udhaifu mmoja: hilo hilo hutaja kumbukumbu ya kompyuta, na sentensi yenye maana zote mbili humchanganya msomaji.

Safari ya pakiti moja

Chukulia zahanati ya kubuni mjini Bagamoyo inayotuma taarifa za wagonjwa kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, kilometa zisizofika 80 kwa barabara. Ruta ya zahanati imeunganishwa na mtandao wa simu za mkononi, na kati yake na seva kuna handaki la WireGuard. Handaki, neno ambalo Watanzania wamelizoea kupitia njia za reli zinazopita chini ya milima, hapa ni njia iliyosimbwa ambamo pakiti nzima hupita ndani ya pakiti nyingine.

Programu hukabidhi taarifa kwa kiini. Kiini huzigawa kuwa pakiti, kila moja ikiwa na kichwa chenye anwani, na shehena yenye maudhui. Pakiti hufika katika kiolesura cha handaki, ambako husimbwa nzima pamoja na kichwa chake na kubandikwa muhuri. Kisha hupewa kichwa kipya chenye anwani ya seva, na yote yaliyotangulia yakawa shehena ya pakiti hii ya nje. Upande wa Dar es Salaam mambo hutenduliwa: muhuri huhakikiwa, pakiti husimbuliwa, namba yake hulinganishwa na zilizokwisha kupokewa ili isiwe ya marudio, ndipo programu hupewa kilicho chake.

Nyongeza hizo zina uzito. Katika IPv4 kichwa cha nje huchukua baiti 20, kichwa cha UDP baiti 8, na vitu vya WireGuard baiti 32, jumla baiti 60. Katika IPv6 jumla hufika 80. Ndiyo sababu ukubwa wa kawaida unaoruhusiwa ndani ya handaki la WireGuard ni baiti 1,420, yaani 1,500 za mtandao wa kawaida kutoa 80.

Hitilafu ya kwanza: saa iliyorudi nyuma

Dalili yake ni hii. Umeme umekatika usiku na kurudi. Asubuhi intaneti ipo, kurasa za tovuti zinafunguka kwa simu, lakini handaki halifanyi kazi. Hakuna aliyegusa mpangilio wala ufunguo.

Ruta nyingi ndogo hazina betri ya kuendeshea saa. Zikizimwa na kuwashwa, huamka na tarehe ya zamani. Ombi la kupeana mikono la WireGuard hubeba ndani yake alama ya wakati, na seva hukumbuka alama ya mwisho iliyopokea kutoka kwa kila mshirika. Ombi lenye wakati usiozidi ule hukataliwa. Kanuni hiyo ina sababu njema, kwani inamzuia mwizi aliyenasa ombi la jana asilicheze tena leo. Lakini ruta iliyoamka na tarehe ya mwaka uliopita huonekana sawasawa na mwizi huyo, na seva haimjibu neno. Ruta huomba tena kila baada ya sekunde tano hivi, bila mafanikio.

Tatizo hukaza zaidi pale ruta inapopangwa kupitisha kila kitu ndani ya handaki. Ili kurekebisha saa yahitaji kuuliza seva ya wakati, na swali hilo nalo limeelekezwa katika handaki lisilofunguka. Tiba ni kuruhusu maswali ya saa yapite nje ya handaki, au kuweka kifaa chenye betri ya saa. Katika TLS kisa kile kile hujitokeza kwa sura nyingine: kompyuta yenye saa iliyochelewa hudai kwamba cheti cha seva bado hakijaanza kutumika.

Kwa mfasiri, jambo la kuzingatia ni kwamba alama ya wakati isiitwe muhuri wa wakati katika hati inayozungumzia pia muhuri wa uthibitisho. Vitu viwili vyenye jina moja katika ukurasa mmoja ni mtego.

Hitilafu ya pili: kina cha njia

Dalili: handaki limefunguka, majaribio mafupi ya kupima mwitikio yanajibiwa, jina na nywila vinakubaliwa, kisha ukurasa wenye orodha ndefu ya wagonjwa unasimama nusu. Mambo madogo yanapita, makubwa yanapotea.

Bandari ya Bagamoyo inaeleza sababu vizuri. Maji yake ni ya kina kifupi. Vyombo vikubwa vililazimika kutia nanga mbali na mizigo ikaletwa ufukweni kwa vyombo vidogo, na kina cha bandari ya Dar es Salaam kilikuwa sababu mojawapo ya Wajerumani kuhamishia huko makao yao mwaka 1891. Mtandao nao una kina: kila sehemu ya njia ina ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kuipitisha. Chukulia kwamba mahali fulani kati ya zahanati na seva panaruhusu baiti 1,400 tu. Pakiti ya ndani yenye baiti 1,420, ikiongezewa 60, huwa 1,480. Hapo ama hukatwa vipande, na baadhi ya vifaa vya njiani hutupa vipande hivyo, ama hutupwa nzima. Ujumbe wa kumwarifu mtumaji kwamba pakiti yake ni kubwa mno mara nyingi huzuiwa na kuta za moto zilizopangwa kwa hofu kupita kiasi, na mtumaji huendelea kungoja.

Tiba ni hesabu: 1,400 kutoa 60 ni 1,340. Kiolesura cha handaki kikipunguzwa kufikia kipimo hicho, orodha ndefu hupita. Katika tafsiri, ukubwa wa juu wa pakiti usichanganywe na kasi. Aliyeambiwa kwamba mtandao wake ni wa polepole atanunua kifurushi kikubwa zaidi, na hali itabaki vile vile.

Hitilafu ya tatu: mlango uliojifunga

Dalili: zahanati ikianza mazungumzo, kila kitu huenda sawa. Seva ya Dar es Salaam ikitaka kuanza, hasa baada ya kimya kirefu, hakuna jibu.

Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Kifaa chao cha kutafsiri anwani huandika kwa muda kwamba pakiti zinazorudi kwa mlango fulani ni za ruta fulani. Pasipo mazungumzo, maandishi hayo hufutwa, na pakiti ya kutoka Dar es Salaam hufika mahali ambapo hakuna anayejua ni ya nani. Tiba ni kuitaka ruta ya Bagamoyo itume pakiti tupu ya kudumisha muunganisho mara kwa mara. Kipimo kinachopendekezwa kwa WireGuard ni kila sekunde 25.

Neno tafsiri lenyewe linastahili tahadhari hapa. Kutafsiri anwani ni kubadilisha anwani moja kwa nyingine, na hakuhusiani na kusimba wala kusimbua. Mwanafunzi akiona kichwa kimebadilishwa njiani asidhani kwamba pakiti imesomwa. Shehena iko salama ndani ya muhuri wake.

Kusoma bahasha bila kufungua barua

Usimbaji humfungia nje mdukuzi na fundi kwa pamoja. Anayefuatilia hitilafu haoni maudhui, kwa hiyo husoma yanayobaki nje: ukubwa, mwelekeo, wakati na idadi. Hayo yanatosha kuliko inavyodhaniwa. Katika WireGuard ombi la kupeana mikono lina baiti 148, jibu lake baiti 92, na pakiti tupu ya kudumisha muunganisho baiti 32. Fundi akinasa pakiti kwa programu ya tcpdump na kuona 148 zikitoka kila sekunde chache bila 92 kurudi, amekwisha kujua kwamba kupeana mikono hakukamiliki, na kwamba tatizo si la ukubwa wa pakiti. Akiona 148, kisha 92, kisha pakiti kubwa zikitoka bila kujibiwa, atashuku kina cha njia.

Mahali pa kunasia ni muhimu sawa na kinachonaswa. Katika kiolesura cha handaki pakiti huonekana kabla ya kusimbwa. Katika kadi ya mtandao huonekana baada ya kusimbwa. Pakiti iliyopo mahali pa kwanza na isiyopo pa pili imepotelea ndani ya kiini chenyewe. Hapo IPsec ina msaada wake: faili la xfrm_stat huorodhesha vihesabio vya pakiti zilizotupwa, kila sababu na namba yake, kama vile kukosekana kwa makubaliano yanayolingana, namba ya mfuatano iliyo nje ya dirisha, au makubaliano yaliyokwisha muda. Kwa WireGuard, kiini chaweza kuamriwa kiandike zaidi katika batli yake, ambamo ombi lililokataliwa hutajwa kuwa batili.

Kuna njia mbili za uongo ambazo wengi hupotelea. Pakiti zinazotoka zinaponaswa ndani ya kompyuta iliyozituma, jumla yao ya uhakiki mara nyingi huonekana mbovu, kwa sababu kiini kimeiachia kadi ya mtandao kazi ya kuikokotoa, na kadi bado haijaifanya. Vilevile pakiti zaweza kuonekana kubwa kuliko baiti 1,500, kwa sababu kiini huziunganisha ili kupunguza kazi. Zote mbili si hitilafu.

Njia moja ya mkato haifai kabisa: kuzima usimbaji ili kuona kinachoendelea. Taarifa za wagonjwa zitapita wazi, na mpangilio wa muda una tabia ya kusahauliwa hivyo hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawabana wanaokusanya na kuchakata taarifa za namna hiyo wazilinde.

Tanbihi za matumizi

Pakiti na kifurushi. Tafsiri nyingine hutumia kifurushi kwa kipande cha data kinachosafiri mtandaoni. Nchini Tanzania kifurushi kimekwisha kuchukua maana ya kiasi cha data kinachonunuliwa kwa siku, wiki au mwezi. Sentensi "kifurushi kimepotea" itampeleka msomaji kwa wakala wa simu. Pakiti inafaa zaidi.

Hitilafu, dosari na kosa. Hitilafu ni kule kushindwa kunakoonekana. Dosari ni ubovu uliomo ndani ya programu yenyewe. Kosa ni la mtu. Kisa cha saa iliyorudi nyuma ni hitilafu isiyo na dosari, kwani programu ilifanya kama ilivyokusudiwa. Kufuatilia hitilafu ni kutafuta chanzo; kurekebisha huja baadaye, na vitenzi hivyo viwili visibadilishane nafasi.

Kukatika, kukataliwa na kutojibiwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata madhara, na huduma ya intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi jirani. Huko ndiko kukatika. Kukataliwa ni kupata jibu la hapana. Kutojibiwa ni kungoja mpaka muda uishe. WireGuard kwa makusudi haimjibu isiyemthibitisha, kwa hiyo kwake kutojibiwa ndiyo sura ya kukataliwa. Mfasiri anayeandika "muunganisho umekatika" kwa hali zote tatu humnyima fundi habari muhimu kuliko zote alizokuwa nazo.

Ufunguo na nywila. Nywila hukumbukwa na mtu. Ufunguo hutengenezwa na kutunzwa na kompyuta. Ufunguo wa wazi hutolewa kwa mshirika, na ufunguo wa siri hautoki katika kifaa chake.

Taarifa mbili za tukio moja zinaonyesha tofauti. Ya kwanza: "Mtandao wa zahanati umekatika, nywila imekataa, tunaomba msaada." Ya pili: "Tangu umeme uliporudi saa 11 alfajiri, ruta inatuma ombi la kupeana mikono kila sekunde tano na haijibiwi. Intaneti nje ya handaki inafanya kazi. Tarehe ya ruta inaonyesha mwaka uliopita." Ya pili haina neno hata moja gumu kwa mwanafunzi wa sekondari, na fundi aliyeko Dar es Salaam akiisoma hahitaji kusafiri kwenda Bagamoyo.